Daftari la Uvivu wa Mwanajuma

Mbwera, 9 Februari

Daftari hili si langu, ni la kikao.

Iddy, mume wa mdogo wangu Mwanajuma, amemleta leo kwa boti kutoka Mohoro, na godoro lake na sufuria mbili, akamtua uani kwa mama kama mtu anayerudisha jembe bovu dukani. Anasema mke amekuwa mvivu. Asubuhi huamka vizuri, ikifika adhuhuri macho yanafumba, mikono inaning'inia, mchi unamshinda. Hakumwacha. Amemleta "akafundishwe".

Mjomba wa Iddy, Mzee Mudathiri, ndiye aliyetoa shauri. Mwanajuma alime msimu huu kwenye shamba la mama. Baada ya mavuno tukae kikao. Ikionekana amefanya kazi kama watu, Iddy amchukue. Ikionekana hakufanya, apewe talaka yake.

"Na shahidi nani?" mama akauliza.

Mzee akanitazama mimi. "Si mna mwalimu humu ndani? Aandike kila siku, alichofanya na alichokiacha. Mwalimu hatadanganya."

Nimekubali, na nitasema kwa nini, maana daftari la kweli lianze na kweli. Naitwa Shamsia, nafundisha Biolojia, nina miaka arobaini na moja na sina mume. Tangu nipate akili naambiwa nimhurumie Mwanajuma, ni mdogo. Yeye alipewa uzuri, mimi nikaambiwa nisome. Leo mzuri karudishwa na msomi ndiye mwenye kalamu. Mungu anisamehe, nimefurahi kidogo.

10 Februari

Alfajiri wameingia shamba. Mwanajuma kapandikiza kumshinda mama. Saa nane nimepita na mtumbwi nikitoka shule, nimemkuta dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo tunamolala msimu mzima kulinda mpunga. Kalala.

11 Februari

Kalala.

14 Februari

Asubuhi kazi. Mchana kalala kama chatu aliyemeza mbuzi, na hapo hata kiporo hajagusa.

17 Februari

Nimemwambia afumbue macho anapozungumza na mimi. "Nimefumbua, Dada," anasema, na kope zimefunika nusu ya mboni. Kisha akanyanyua kope ya kushoto kwa kidole ili anione. Nikamwambia vituko hivyo akamfanyie mumewe.

21 Februari

Maji mafu. Bahari haifiki shambani, kwa hiyo ni siku za dawa ya kaa. Asiyelima huku hawezi kujua: adui wa mpunga mchanga si ndege, ni kaa. Anakata mche kwa gando lake, asubuhi unakuta shamba limenyolewa. Mama humimina dawa ya wadudu kwenye beseni la pumba, akakanda kwa mikono mitupu kama unga wa chapati, akafinyanga madonge, na kila shimo la kaa likapata donge lake. Leo mgongo unamuuma. Amekanda Mwanajuma.

Ajabu, hakulala. Alasiri nimemkuta bado anainamia mashimo, macho wazi kabisa, anaimba. Nimeandika kwa sababu nimeahidi kuandika kweli. Lakini nami nina langu la kusema: kumbe akitaka anaweza.

22 Februari

Hakulala.

24 Februari

Kalala.

2 Machi

Ramadhani mosi. Kalala. Leo angalau ana kisingizio cha maana.

5 Machi

Kwenye futari kabakisha muhogo mdomoni. Katafuna mara tano, sita, halafu akaishika taya kwa mkono na kuisukuma, kama mtu anayesaidia mashine iliyokwama. Uji ukamtoka puani. Hata sauti yake jioni inatokea puani. Mama aliona aibu mbele ya wageni. Mimi niliona hasira, kwa kuwa muhogo ule niliupika mimi baada ya vipindi sita.

8 Machi

Maji mafu tena. Jana na leo kakanda dawa ya kaa. Hakulala siku zote mbili. Kafuturu vizuri, kaomba na ukoko.

"Dada," akaniambia tukiosha vyombo, "mie hii dawa ya kaa inanipa nguvu."

Nilicheka nikaweka sahani chini. "Basi mwambie Iddy akununulie dumu zima, apate mke."

"Sikutanii. Nikishakanda, saa moja haipiti, macho yananyanyuka yenyewe."

"Mwanajuma, mimi nimesoma. Sumu haimpi mtu nguvu. Wewe unapenda kazi ya kukaa kitako, basi."

Akarudi kwenye sufuria. Mama naye ana lake. Anasema ni mwezi: maji mafu huja na mwezi nusu, na jini la Mwanajuma nalo huondoka mwezi ukiwa nusu. Anataka aitwe mtu wa kumsomea. Nimewaachia mwezi wao.

12 Machi

Kalala.

13 Machi

Kalala. Kibakuli cha tui kimemponyoka. Nimefuta mimi.

19 Machi

Kalala. Jirani kauliza kama ana mimba. Nimemjibu kuwa mimba nayo inataka bidii.

23 Machi

Maji mafu. Kakanda. Hakulala.

31 Machi

Idi. Iddy hakuja wala hakutuma hata kanga. Mwanajuma alivaa kanga mpya alizopewa na mama tangu asubuhi, akakaa mlangoni anatazama mkondo boti zinapoingilia. Saa tisa kope zikamwanguka, na bado akainua kidevu, akarudisha kichwa nyuma ili aone kwa ule upenyo uliobaki chini. Mvivu angeingia ndani akalala. Hilo nililiona, nikaenda kukata keki.

5 Aprili

Mvua kubwa. Maji mafu. Kakanda. Hakulala.

10 Aprili

Leo nitaandika mengi.

Kidato cha Tatu, somo la neva. Kipindi hiki nakipenda kuliko vyote, kwa sababu ya hadithi ya mioyo miwili ya chura. Nikachora ubaoni vyombo viwili, kila kimoja na moyo wake. Nikawaambia kuwa miaka mia iliyopita wasomi waligombana. Wapo walioshika kwamba neva huamrisha mwili kwa umeme mtupu, kama swichi na taa. Wengine wakasema hapana, neva inatema kitu, tone la kemikali, na tone hilo ndilo linalobeba amri. Wenye umeme waliwacheka wenye matone.

Mwaka 1921, huko Austria, mwanasayansi mmoja akaota jaribio la kumaliza ubishi. Akaamka akaliandika, akalala tena. Asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Darasa likacheka, kama linavyocheka kila mwaka. Usiku wa pili ndoto ikarudi, na safari hii hakuamini karatasi, akaenda maabara palepale. Akachukua mioyo miwili ya chura inayodunda kwenye maji ya chumvi. Akaisisimua neva ya moyo wa kwanza, ile inayotuliza mapigo. Moyo ukapunguza mwendo. Kisha akayachota yale maji, maji tu, akayamimina kwenye moyo wa pili ambao neva yake haikuguswa. Nao ukapunguza mwendo. Amri ilikuwa ndani ya maji.

Rukaiya wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo amri ikishafika, nani anaifuta? Mbona moyo hausimami moja kwa moja?"

"Swali zuri. Kuna kimeng'enya kinachofagia. Kile kitu kinachobeba amri kinaitwa asetilikolini. Kwenye moyo kinatuliza, kwenye misuli ya mikono na macho kinaamsha. Kikishatoa amri, mfagiaji anakiondoa."

"Na mfagiaji akiuawa?"

"Asetilikolini inabaki, inajazana, amri inazidi. Ndivyo dawa nyingi za wadudu zinavyo..."

Nikaishia hapo. Chaki ilikuwa mkononi. Rukaiya alikuwa anasubiri niandike, nami nilikuwa nayasikia maneno ya mdogo wangu wakati wa kuosha vyombo: macho yananyanyuka yenyewe.

Nikawapa zoezi. Ofisini kuna kitabu kikubwa cha fiziolojia ambacho hakuna anayekifungua kwa sababu kimekaliwa na birika. Nikalitoa birika. Upo ugonjwa. Mwenye nao huamka na nguvu zake, na kadiri anavyotumia misuli ndivyo zinavyokwisha. Kope huanguka, taya huchoka katikati ya chakula, sauti hutoka puani, kinywaji hurudi kwa pua. Neva zake hutoa amri kama kawaida, ila misuli imepoteza sehemu za kuipokelea. Mwaka 1934 daktari mmoja mwanamke Uingereza alimdunga mgonjwa wa namna hiyo dawa ya kumzuia mfagiaji, ili amri zijazane zipate kusikika. Kope ikanyanyuka. Dawa yenyewe asili yake ni mbegu yenye sumu ya Afrika Magharibi, waliyokuwa wakinyweshwa watuhumiwa ili ijulikane nani mkosa.

Nikaisoma lebo ya chupa ya mama. Maandishi ni madogo, lakini yapo: inazuia kimeng'enya. Halafu nikalifungua daftari hili. 21 Februari, hakulala. 8 Machi, hakulala. 23 Machi, 5 Aprili. Siku mia za hospitali zisingeonyesha vizuri zaidi. Niliandika mwenyewe, na nimeshindwa kusoma mwenyewe.

Jioni nikamwambia. Alikuwa amekaa, kashikilia taya.

"Kwa hiyo mie si mvivu?"

"Si mvivu."

"Liandike."

Naandika: Mwanajuma si mvivu.

Akalia, akacheka, akalia tena. "Na dawa ya kaa nilikwambia!"

"Uliniambia kweli. Inafanya kazi ileile ya dawa ya hospitali." Nikaongeza kuwa bado ni sumu, asiiguse tena, kwamba hospitali wanapima kidogo kidogo na shambani hakuna anayepima. Nitampeleka Kibiti nikimaliza kusahihisha mitihani. Siku kumi tu.

13 Aprili

Iddy kapiga simu. Keshokutwa anakuja na mjomba wake kukagua shamba. Mwanajuma kaniuliza maji mafu lini. Nikamwambia wiki ijayo, nikaendelea kusahihisha.

Kibiti, 17 Aprili

Naandika hospitalini. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wa shule.

Juzi ilikuwa bamvua. Maji yalikuwa yamefunika shamba zima, na hakuna mtu wa delta anayekanda dawa ya kaa siku ya bamvua, maana mashimo yote yako chini ya maji. Niliruhusiwa kutoka shule mapema niwapokee wageni. Nikafunga mtumbwi kwenye nguzo ya dungu, nikaliona beseni la pumba.

Alikuwa juu, kajipamba, kavaa kanga za Idi. Mikono ilikuwa na pumba hadi kwenye viwiko. Jasho linamtiririka, machozi, mate hayakatiki, misuli ya mapaja inachezacheza chini ya ngozi. Mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Yamefunguka, Dada?" akaniuliza. "Macho?"

Nikashika mkono wake. Mapigo yalikuja moja, nikasubiri, yakaja moja. Nimefundisha mioyo miwili ya chura miaka kumi na nne. Huo ulikuwa wa pili, na maji nilimmiminia mimi: inafanya kazi ileile ya dawa ya hospitali. Sentensi hiyo ndiyo niliyoitanguliza, na hiyo ndiyo aliyoisikia.

Boti ya Iddy ikafika muda huohuo. Akasimama ndani yake bila kushuka. "Kanywa sumu! Mjomba, ona, kanywa sumu kunikomoa!"

"Hajanywa! Kaikanda! Kaikanda ili akupendeze, mpumbavu wewe!"

Mzee Mudathiri ndiye aliyeshuka majini na kanzu yake, akanisaidia kumteremsha.

Zahanati ya Mbwera yupo Mshamu, tabibu kijana. Nilimfundisha, akawa wa mwisho darasani, na tangu aletwe kijijini kwetu nimekuwa nikimwamkia kwa ncha ya ulimi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kashika nini?" Miezi miwili mimi sikuliuliza. Akavaa glavu, akamvua kanga, akamsugua kwa sabuni na maji mengi, huku ananiambia nisome lebo kwa sauti. Akamdunga atropini, akahesabu mapigo, akamdunga tena, hadi vichupa vyote alivyokuwa navyo vikaisha. Ndani ya boti kuelekea Nyamisati, penye gari la Kibiti, alikaa kamshika mkono, anahesabu.

"Mwalimu," akasema, "si ulitufundisha? Atropini inauziba moyo masikio, zile amri zisisikike."

Sikumbuki kufundisha hivyo. Pengine nilifundisha, na akasikia mtu mmoja tu, yule niliyekuwa nimemkatia tamaa.

21 Aprili

Kafumbua macho. Kaniona. Kageukia ukutani.

Dar es Salaam, 9 Mei

Kibiti wametuhamishia huku. Sumu imemtoka, uvivu umerudi. Kope zimeanguka kama zamani. Daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliweka barafu kwenye glavu, akaigandamiza juu ya kope ya kushoto dakika mbili. Alipoiondoa, jicho lilikuwa wazi: baridi nayo humchelewesha mfagiaji. Akaagiza na kipimo cha damu, lakini alikuwa ameshajua.

Akauliza historia ya ugonjwa. Nikampa daftari, sikuwa na jingine. Akasoma ukurasa kwa ukurasa. Penye chatu alisimama kidogo, kisha akaendelea.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi."

"Sijawahi kuletewa kumbukumbu nzuri namna hii. Saa, chakula, sauti, yote yamo." Akalifunga akanirudishia. "Ulikuwa unaona kila kitu."

Alinisifu. Sijapata kusifiwa vibaya hivyo.

Mbwera, 24 Mei

Tumerudi na vidonge. Asubuhi, mchana, jioni. Mpunga umeiva. Mwanajuma anavuna hadi alasiri, anapumzika, anavuna tena. Chakula anatafuna mpaka mwisho. Mimi ananijibu nikimuuliza, hanizidishii neno. Dawa ya kaa mama kaizika, na anasema mwakani kaa nao wale, ni viumbe.

15 Juni

Kikao kimekaa leo. Mpunga wote uko ghalani. Nilijiandaa vizuri: cheti cha daktari, boksi la vidonge, hata mchoro wa mioyo miwili. Nikaanza kueleza. Mzee Mudathiri akanisikiliza kwa adabu, akavaa miwani.

"Tumekuelewa, Mwalimu. Lakini tulikubaliana daftari. Lilete."

"Nitawasomea mimi."

"Aliyeandika hasomi. Ndiyo haki."

Akasoma yote. Anasoma polepole, neno kwa neno, kama msahafu. Kalala. Kalala. Kalala kama chatu aliyemeza mbuzi. Wajomba wawili wa Iddy wakaficha vicheko kwa mikono. Mimba nayo inataka bidii. Mungu anisamehe, nimefurahi kidogo. Mama aliinamisha kichwa. Mwanajuma alikaa mbele yangu kwenye mkeka, kameza kidonge chake cha mchana, macho wazi kabisa, na hakuyatoa usoni kwangu tangu Februari hadi Mei.

Mzee alipofika penye "Mwanajuma si mvivu" akapasoma mara mbili, akamtazama Iddy.

Iddy akakohoa. "Nimekubali, si mvivu. Nilimkosea, anisamehe." Nikadhani tumeshinda. "Lakini, shemeji, mvivu hufundishika. Mgonjwa atafundishwa nini? Vidonge vya kila siku, maisha yote. Mie mkulima."

Akatoa talaka palepale. Mzee Mudathiri alivua miwani akaifuta kwa kanzu, akanirudishia daftari.

Walipoondoka Mwanajuma akanyoosha mkono. Nikadhani anataka maji.

"Nipe daftari."

Nimemwomba nimalize mistari hii. Sasa nampa.

16 Juni

Mimi Mwanajuma. Mwandiko wangu mubaya niliishia la saba. Leo nimeamka alfajiri nimetwanga nimepepeta nimeanika. Saa nane nimepika. Nimefanya kazi mpaka magharibi. Dada yupo ndani toka jana hajatoka hajala. Nimempelekea uji kageukia ukuta.

Dada kalala.